Mama kaambiwa makula ya jicho imechakaa: wenye wazee wa aina hii tukutane hapa

BintiMshonaji (mleta mada)

Wana jamvi, habari za muda huu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenye mzee aliyerudi hospitali na jibu kwamba makula ya jicho lake, yaani ile sehemu ndogo ya nyuma ya jicho inayoona katikati, imechakaa kwa umri. Ukitafuta maelezo ya Kiswahili utapata mengi kuhusu mtoto wa jicho, presha ya macho na kisukari. Huu unatajwa mstari mmoja, basi. Na msije mkadanganywa kuwa ni ugonjwa wa Wazungu. Wao unawapata zaidi, ni kweli, lakini utafiti wa Nakuru, Kenya, uliochapishwa 2013, uliwapima watu wa miaka 50 kwenda juu na kuwakuta kama asilimia 11 wana dalili za mwanzo, na kama asilimia 1 wameshafika hatua ya mwisho. Tupo wengi, ila hatujuani.

Mama yangu mzazi ana miaka 71, yuko Korogwe, na kushona ndiyo kazi iliyotusomesha wote. Dalili ya kwanza haikuwa giza. Alikuwa na oda ya sare za shule, akawa anafumua mshono kwa sababu anauona umepinda. Anashona upya, anafumua tena. Mdogo wangu akaweka rula juu ya mshono: umenyooka kabisa. Mama akatuambia hata fremu ya mlango anaiona imetoka nundu katikati, na ukikaa mbele yake uso wako una doa la kijivu, lakini kanga uliyovaa anaiona hadi pindo.

Majirani walisema ni mtoto wa jicho, afanyiwe operesheni, aone. Daktari alimpima akasema lenzi ziko sawa kwa umri wake. Tatizo liko nyuma, kwenye retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea picha. Pale katikati ya retina kuna sehemu ndogo, upana wake kama milimita 5, inaitwa makula. Ndiyo inayosoma maandishi, ndiyo inayotia uzi kwenye sindano, ndiyo inayotambua sura ya mtu. Ikichakaa, katikati panakufa na pembeni panabaki. Kubadilisha lenzi hakusaidii kitu ikiwa shida iko huko nyuma.

Aina ni mbili. Kavu ndiyo ya wengi, karibu wagonjwa tisa katika kumi: uchafu wa manjano unajikusanya chini ya retina na kuona kunapungua taratibu, kwa miaka. Ya majimaji ni ya wachache lakini ndiyo yenye haraka: vimishipa vya damu vinaota mahali visipotakiwa, vinavuja, na mtu anaweza kupoteza kuona kwa katikati ndani ya wiki chache. Aina kavu inaweza kugeuka ya majimaji. Mama jicho la kushoto ni la majimaji, ameanza sindano. La kulia ni kavu, hatua ya kati.

Sasa neno nililofungulia uzi. Ugonjwa huu peke yake haumfikishi mtu kwenye giza totoro. Mama anatembea uani bila kujikwaa, anaona kuku akiingia jikoni, anaona mvua inakuja. Lakini siku ile ile tuliyorudi na jibu, ukoo mzima ulianza kumshika mkono kumpeleka chooni, kumlisha kama mtoto, kumnyang'anya kisu. Mwenyewe alinyamaza. Mzee hajawa kipofu, na kama tukimfanya kipofu sisi wenyewe, atakaa kitandani na mwili utamwisha kabla ya macho.

Niwaambie tulivyojipanga nyumbani.

Kilichomuumiza mama kuliko yote ni salamu. Alikuwa anapishana njiani na watu aliokua nao, hawasalimii kwa sababu sura hazioni, na maneno yakaanza kuwa anaringa tangu watoto wapate kazi. Tulimwomba ruhusa, akakubali, ndugu yetu akasimama kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa akaeleza. Sasa kila mtu anatanguliza jina: "Shikamoo mama, ni mimi Zuhura wa nyumba ya pili." Hata watoto wadogo wameshajua. Na ukiondoka unaaga, humwachi akaongea na kiti kitupu. Jambo hili halina gharama na ndilo lililomrudishia uso wake mbele za watu.

Pili, cherehani haikuondolewa. Sare za shule ameacha, zina kola na vifungo vingi. Anashona mapazia, mashuka na foronya. Kwenye bati la cherehani, upande wa kulia wa sindano, tumebandika utepe mnene, tabaka juu ya tabaka mpaka umekuwa kama ukingo. Kitambaa kinatembea kikiugusa na kidole chake kinasikia kama kimeuacha. Mjukuu kabla ya kwenda shule anamtilia uzi sindano za mkono na kuzichomeka kwenye sponji, nyuzi nyeusi upande mmoja, nyeupe upande mwingine. Taa imeshushwa, inamulika kitambaa kutokea pembeni, haimpigi machoni.

Jikoni ni rangi tu. Uji mweupe unakaa kwenye kikombe cha bluu, chai kwenye kikombe cheupe, ugali kwenye sahani ya kijani. Kopo la chumvi lina mpira shingoni, la sukari halina. Ngazi mbili za mlango wa nyuma zimepakwa rangi ya njano ukingoni. Hakuna anayeruhusiwa kuhamisha kitu bila kumwambia, na hapa wageni ndio wanaotusumbua.

Pesa: noti ya 10,000 hakunji, ya 5,000 anakunja mara moja kwa upana, ya 2,000 kwa urefu, ya 1,000 mara mbili. Anapopokea chenji anauliza moja moja na kuikunja pale pale.

Kuna kitu cha macho yenyewe alifundishwa kliniki: kutafuta sehemu ya pembeni ya jicho inayoona vizuri zaidi na kuizoea. Kwa mama ni kutazama juu kidogo ya kitu. Kwa hiyo akiongea na wewe anakuangalia kwenye paji la uso au juu ya kichwa. Msidhani hakusikilizi. Hapo ndipo anapokuona.

Swali langu sasa, na naomba wenye ujuzi wanisaidie kwa sababu limetuweka roho juu. Wiki za karibuni mama anasema jioni anaona watoto wamekaa kwenye mkeka, wamevaa nguo za rangi nzuri, wametulia, hawasemi. Anajua hawapo. Alimwambia dada yangu kwa siri. Mama mdogo amesikia, anataka tumpeleke kwa mganga, anasema ni mizimu ya upande wa babu. Daktari hatujamwambia. Kuna aliyewahi kuona hili?

---

Kiboko_ya_Mto

Pole sana dada. Uzi mzito huu. Naweka kambi hapa, baba mkwe ana shida inayofanana.

---

TaaYaJioni

Dada, mimi ni muuguzi wa macho, nimekaa kliniki muda mrefu. Anza kwa kupumua. Anachokiona mama kina jina na hakihusiani na wazimu wala mizimu. Kinaitwa hali ya Charles Bonnet. Huyo alikuwa mwanazuoni wa Uswisi, na 1760 aliandika habari za babu yake, mzee wa karibu miaka 90 aliyekuwa ameharibikiwa macho, akili timamu kabisa, aliyekuwa anaona watu, ndege na majengo ambayo hayapo.

Kinachotokea ni hivi. Sehemu ya ubongo inayopokea picha imezoea kupata kazi kutoka kwenye makula kila sekunde. Makula ikinyamaza, ubongo hauvumilii utupu, unatengeneza picha zake wenyewe. Wengine wanaona nakshi kama za kanga au za vigae, wengine maua, wengine wanyama, wengine watu wadogo waliovaa vizuri. Jioni huwa zaidi kwa sababu mwanga umepungua na mtu amekaa kimya.

Alama za hali hii: anaona tu, hasikii sauti, picha hazimsemeshi wala kumwamrisha, na akitulia anajua si kweli. Mama yako ana zote tatu kwa ulivyoeleza. Ingekuwa anasikia sauti, amechanganyikiwa siku na mahali, ana homa, au ameanza dawa mpya karibuni, hapo ningekwambia mpeleke hospitali sasa hivi, kuna kitu kingine.

Mweleze daktari wa macho kwenye kliniki ijayo, aandike kwenye faili. Nyumbani, picha zikija awashe taa, ainuke abadilishe sehemu, au ahamishe macho haraka kushoto na kulia mara kadhaa bila kugeuza kichwa. Au aunyooshe mkono auguse mkeka. Mara nyingi zinaondoka. Kwa baadhi hupungua zenyewe kadiri muda unavyokwenda.

Lakini dawa kubwa ni kuambiwa. Nimeona wazee wamekaa na siri hii miaka miwili, mitatu, wanaogopa kuitwa wachawi au kufungiwa ndani. Ukimwambia tu "mama, hili linajulikana, wengi wanalo", unaona mabega yanashuka. Kwa huyo mama mdogo, kaeni naye kwa heshima, mumweleze. Anampenda dada yake, ndiyo maana anahangaika. Ila kwa mganga asiende, maana akifika kule kuna mawili: ataambiwa mbaya wake ni nani katika ukoo, au atadondoshewa kitu machoni. Yote mawili yanaharibu, na jicho lenye kidonda kwenye kioo cha mbele pamoja na makula iliyochakaa ni msiba juu ya msiba.

---

BintiMshonaji

Sijui nikushukuruje. Nimekusomea kwa simu, mama akasikiliza mwanzo hadi mwisho. Akauliza, "Huyo babu wa Uswisi naye waliwahi kumpeleka kwa mganga?" Halafu akaniambia watoto wale mmoja ana gauni la mauamaua lenye marinda, na kwamba limeshonwa vizuri sana. Hiyo ndiyo mara ya kwanza ameliongelea bila kushusha sauti. Mama mdogo nitamfuata mwenyewe Jumapili.

---

NyanyaWaLikoni

Salaam kutoka Mombasa. Nami nina nyanya, mamake mamangu, amepita themanini. Wake ni wa majimaji macho yote mawili. Nataka kuongea kuhusu sindano, maana nimeona mwenzangu umepita haraka, na huko ndiko wazee wengi wanakokimbilia nyumbani wasirudi.

Ukimwambia mzee "utadungwa sindano ndani ya jicho", kwake ni kama umemwambia jicho litang'olewa. Nyanya alikataa katakata. Kilichomgeuza ni mama mmoja pale foleni, aliyekuwa anasubiri yake kama anayesubiri chai. Akamweleza hatua kwa hatua. Wanatia matone ya ganzi, wanasubiri yashike. Wanasafisha jicho kwa dawa ya iodini, ile ya rangi ya kahawia, na hiyo ndiyo inayowasha kuliko sindano. Wanaweka kitu cha kushikilia kope zisifumbe. Unaambiwa tazama upande ule, unasikia msukumo kwenye weupe wa jicho, kwisha. Sindano yenyewe ni sekunde. Baadaye unaona vidoa vinaelea kama mapovu, na siku ya pili jicho lina wekundu pale ilipopita.

Mwanzo huwa kila mwezi, kwa kawaida miezi mitatu mfululizo, kisha daktari anaangalia picha ya retina na kurefusha nafasi. Haziponyi, na hili mwambieni mzee mapema asije akaona ametapeliwa. Kazi yake ni kuzuia ile mishipa isivuje. Nyanya hakupata tena kusoma msahafu wake wa zamani, lakini jicho la kulia limesimama pale pale lilipokuwa, na alipokosa kwenda miezi kadhaa kwa sababu ya nauli liliteremka na halikupanda tena. Kwa hiyo ndugu wa ukoo, mkichanga, changieni miezi ya mbele. Mchango wa sindano moja halafu kila mtu anazima simu haumsaidii.

Na ulizeni dawa ni ipi. Kuna ranibizumab na aflibercept, bei zake ni kubwa. Kuna bevacizumab, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani, ambayo chupa moja inagawanywa dozi ndogo nyingi za macho kwa hiyo inashuka bei sana. Si dawa ya kimaskini: majaribio makubwa ya Marekani yaliyotoka 2011 yaliilinganisha na ranibizumab na zikalingana kwa kuona, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa macho. Cha muhimu ni igawanywe mahali safi na watu wanaojua.

---

TaaYaJioni

NyanyaWaLikoni ameeleza vizuri kuliko vipeperushi vyetu. Naongeza moja. Siku chache baada ya sindano, jicho likianza kuuma badala ya kutulia, wekundu ukaongezeka, mwanga ukawa unachoma au kuona kukashuka, usisubiri kliniki. Hiyo inaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho. Ni nadra, lakini ni la kukimbilia siku hiyo hiyo, hata usiku.

---

Mzalendo_Halisi77

Mbona mnajitesa na sindano? Kuna vidonge lishe vya macho vinauzwa, jirani yangu alitumia akatupa miwani. Mwezi mmoja laki na nusu tu. Na kuna matone ya asali na kitunguu. Ukitaka njoo PM.

---

TaaYaJioni

Mkuu, kwa heshima, naomba hili nilijibu kwa kirefu maana linapoteza watu pesa na macho.

Vidonge vipo vya kweli na vina mpaka wake. Majaribio mawili makubwa ya Marekani, matokeo yake 2001 na 2013, yalikuta mchanganyiko maalumu unapunguza kwa karibu robo uwezekano wa mwenye hatua ya kati kufika hatua mbaya ndani ya miaka mitano. Mchanganyiko wa sasa ni vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, luteini miligramu 10, zeaksanthini miligramu 2, zinki na shaba kidogo. Havirudishi kuona kulikopotea. Havizuii ugonjwa kwa asiye nao. Kwa hatua ya mwanzo kabisa havijaonyesha faida. Na mchanganyiko wa zamani uliokuwa na beta-karotini usimpe mtu anayevuta au aliyewahi kuvuta sigara, kwa sababu ulihusishwa na saratani ya mapafu. Ndiyo maana mwaka 2013 wakaiondoa na kuweka luteini.

Kabla ya kununua, geuza chupa usome viwango. Vingi vinavyotembezwa mitaani vina picha ya jicho kwenye boksi na ndani ni vitamini ya kawaida. Umwonyeshe daktari pia, hasa kama mzee anatumia dawa za kuyeyusha damu.

Luteini hiyo hiyo iko kwenye mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki, na kiini cha yai. Weka samaki, dagaa wanatosha kabisa. Hii ni afya kwa nyumba nzima. Na kama mzee anavuta sigara, kuacha kuna thamani kuliko kidonge chochote, hata akiwa na miaka 75.

Asali na kitunguu jichoni, hapana. Hapana kabisa.

---

MwanaWaMstaafu

Mimi yangu ni tofauti kidogo. Baba ni mwalimu mstaafu, miaka 76, aina kavu macho yote. Kaka yangu anataka kumhamishia Dar akae naye Mbezi, kuna nafasi, kuna mfanyakazi wa ndani, hospitali ziko karibu. Baba hataki kutoka Lushoto. Tumefika pabaya kwenye kundi la familia la WhatsApp. Pia ana pikipiki na bado anaiendesha kwenda shambani.

---

BintiMshonaji

Kaka, pole. Naongea kama mtoto wa mzee wa aina hiyo, si mtaalamu.

Pikipiki, simameni imara. Doa likiwa katikati, mtoto anayevuka barabara anaweza kuingia ndani ya doa lile na baba asimwone kabisa. Lakini msiinyang'anye pikipiki halafu mkaondoka na mkaacha pengo. Tafuteni kijana mmoja anayeaminika, dereva wa boda wa pale pale, akubaliane na baba mwenyewe siku na bei, na nyinyi mlipe. Baba aendelee kwenda shambani kwake siku anayotaka yeye. Na neno hilo aambiwe na daktari mbele yenu, lisitoke kwa watoto. Mwalimu atamsikia mtu mwenye vipimo mkononi.

Kuhamia Dar mimi napinga, na kaka yako anisamehe, najua ni upendo. Mzee aliyepungukiwa na kuona kwa katikati anatembea kwa kumbukumbu. Lushoto anajua mti wa ngapi ndipo njia inapokata, anajua sauti za majirani, anajua mlango unafunguka upande gani. Mkimweka Mbezi kwenye nyumba yenye vigae vinavyong'aa na geti linalofungwa, siku hiyo hiyo amekuwa kipofu. Atashinda sebuleni anasikiliza televisheni, mfanyakazi anamwekea chakula. Pesa ambayo ingemhamisha, ipelekeni kwenye nauli za kliniki na mtu wa kumsaidia palepale. Akija kuzidiwa na mambo mengine ya uzee, mtazungumza upya, naye akiwa anaongea.

Mleteni kwa vipimo tu, akae wiki, arudi.

---

MwanaWaMstaafu

Nimeipeleka kwenye kundi kama ilivyo. Kaka amesoma, hajajibu. Baba mdogo kaunga mkono. Swali la pili: baba anasoma sana, na hilo ndilo linamtesa. Miwani amebadilisha, hamna kitu.

---

TaaYaJioni

Miwani ya kawaida inasogeza picha ikae sawa kwenye retina, na retina yenyewe ndiyo iliyoharibika, kwa hiyo usinunue nyingine bila kuambiwa na mpimaji. Anachohitaji ni kliniki ya uoni hafifu. Ukiwa Tanzania ulizia hospitali kubwa zenye idara ya macho kama CCBRT Dar, KCMC Moshi, Muhimbili au Bugando. Kenya ulizia PCEA Kikuyu. Piga simu kwanza uulize siku ya mtaalamu wa uoni hafifu, usije ukasafiri bure. Pale atajaribishwa lenzi za kukuza, za mkononi na za kusimama zenye taa, mpaka ipatikane inayomfaa. Lenzi kubwa sana si lazima iwe nzuri: ikikuza mno, anaona herufi mbili tu kwa wakati. Apewe muda wa kuizoea, dakika kumi kumi, macho yanachoka.

Simu ya kawaida ya sasa ni msaada mkubwa. Kamera inakuza maandishi ya gazeti au bei kwenye risiti. Maandishi ya skrini ongeza ukubwa, weka meupe kwenye nyeusi. Kwenye Android kuna TalkBack inayosoma kilichoko kwenye skrini. Biblia na Kurani zipo za kusikiliza.

Hapa tahadhari: ujumbe wa pesa za simu. Mzee asiyesoma SMS anampa simu yeyote aliye karibu amsomee, mwishowe na namba ya siri anaitoa. Chagueni mtu mmoja, akijulikana na familia yote, na namba ya siri mzee abaki nayo mwenyewe. Vibonye anavijua kwa kidole, tano iko katikati na mara nyingi simu ya vibonye ina kinundu pale.

---

NyanyaWaLikoni

Nyanya msahafu wa kusoma ameshindwa, lakini amegundua kwamba sura nyingi alikuwa anazijua kwa moyo. Sasa jioni wajukuu wanasoma, yeye anawasahihisha. Mtoto akikosea anasimamishwa palepale. Zamani alikuwa anasoma peke yake chumbani, sasa nyumba nzima iko barazani.

---

Kiboko_ya_Mto

Nimerudi. Nauliza kwa niaba ya mke wangu. Baba yake ana huu ugonjwa, na shangazi yake naye kumbe alikuwa nao. Je, na yeye atapata? Ana miaka 52.

---

TaaYaJioni

Kuwa na mzazi mwenye ugonjwa kunaongeza uwezekano, hakuamui. Aende apimwe retina kwa matone ya kupanua mboni sasa, na baada ya hapo kwa ratiba atakayopewa. Presha ya damu idhibitiwe, sigara isiwepo, mboga za majani mezani. Siku ya kipimo asiendeshe gari kurudi, matone yale yanaacha ukungu kwa saa kadhaa.

---

BintiMshonaji

Mrejesho. Mama mdogo nimekaa naye, tumekunywa chai, nikamweleza kama nilivyoelezwa hapa. Alinyamaza muda, halafu akasema bibi yetu mzaa mama kabla hajafariki alikuwa anaona ng'ombe wamejaa uani, na watu waliacha kula chakula chake. Alilia. Habari za mganga zimeisha.

Daktari naye ameambiwa, ameandika. Jicho la kushoto picha inaonyesha maji yamepungua. La kulia halijabadilika. Kuhusu gharama, walioniuliza: sera inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo nendeni na barua ya serikali ya mtaa. Lakini sindano hizi na vipimo vya picha ulizeni dirishani kabla, na mwenye bima aulize bima yake, msije mkakwama mbele ya mlango.

---

Pwani_Kaskazini

Samahani naingia katikati. Nimesoma uzi wote usiku huu kwa sababu ya mama yangu. Ana aina kavu, aliambiwa arudi baada ya miezi sita, bado miwili. Tuna ile karatasi ya miraba yenye nukta katikati, ya kujipimia nyumbani kama mistari inaonekana imepinda, huwa hatuitumii sana. Leo nimemwambia aiangalie. Jicho lake zuri, mistari ya katikati anasema imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na nukta ya kati haioni. Anasema imeanza tangu juzi ila hakutaka kutusumbua. Tusubiri tarehe?

---

TaaYaJioni

Usisubiri. Kesho asubuhi na mapema muwe hospitali yenye daktari wa retina, na mkifika dirishani msiseme "tumekuja kliniki". Semeni: "Ana ugonjwa wa makula aina kavu, mistari imeanza kupinda ghafla tangu juzi, jicho zuri." Maneno hayo yanamtoa kwenye foleni ya kawaida. Inaweza kuwa imegeuka ya majimaji, na sindano ikianza ndani ya siku chache inaokoa kiasi ambacho ikianza baada ya miezi miwili hakipo tena.

Beba karatasi ya miraba, mama achore kwa kalamu mahali palipopinda, jicho moja moja, akiwa amevaa miwani yake ya kusomea, karatasi umbali wa kusomea gazeti. Beba faili la mwanzo na dawa zake zote kwenye mfuko. Mko upande gani?

---

Pwani_Kaskazini

Pangani. Tunatoka na basi la kwanza. Ameshachora, kaka yangu amemshikia karatasi, na nimemwambia hatusumbui.